Jina la marehemu baba kwenye karatasi ya bajia

Kwako Mhariri,

Assalaam aleikum wewe na wenzako hapo ofisini na wasomaji wote popote mlipo. Mimi ni msomaji wa gazeti hili miaka mingi, huku kwetu Lamu siku nyingine lafika limeshapoa lakini nikilipata nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Kuandika sijawahi. Haya ninayosema anayechapa ni binti yangu, manake macho yangu yashaanza kufanya ukungu na vile vitufe vya simu sivioni vizuri, mimi nasema yeye anachapa, kwa hivyo mkiona maneno yanatiririka kama mtu aliyekaa barazani ni kwa sababu ndivyo ilivyo, niko barazani kweli.

Jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu Ramadhani. Jioni moja karibu na maghribi nilitoka kwenda kununua bajia za kufuturu kwa mama mmoja hapa kwetu Langoni, tumezoea kununua kwake, akanifungia kwa karatasi kama kawaida yake nikarudi nyumbani. Nimezimimina kwenye sahani, nataka kuikunja ile karatasi niitupe, nikaona mwandiko. Mwandiko wa kalamu ya wino, ule wa kulalia wa zamani, mistari imepigwa kwa rula, juu kumeandikwa tarehe, jina, samaki, kilo, bei, makato, sahihi. Mwaka ni 1979. Mstari wa saba kutoka juu ni jina la baba yangu. Samaki changu kilo 14, makato ya barafu, na pale penye sahihi amepiga kidole gumba, manake marehemu baba alisoma chuoni kwa mwalimu, Qur'ani aliihifadhi sehemu kubwa, lakini hizi herufi za shule hakuzijua. Mafuta ya bajia yalikuwa yameshafika ukingoni mwa kile kidole.

Adhana ikaadhiniwa nami nimeishika karatasi mkononi. Nikafungulia tende moja na maji, nikatoka mbio mpaka kwa yule mama, nikamuuliza mama, hizi karatasi umezitoa wapi? Akaniambia, babangu, mimi nauziwa kwa kilo, kuna vijana walisafisha stoo moja wakaja nazo juu ya punda, magunia mawili. Gunia moja lilikuwa limeshakwisha lote. La pili limebaki chini kabisa. Alipoona hali yangu hakutaka hata pesa, akasema chukua babangu, mimi nitatafuta nyengine. Nikaondoka na karatasi 11.

Yule mama simlaumu hata kidogo, anatafuta riziki yake ya halali na karatasi kwake ni karatasi. Hata wale vijana wa punda siwalaumu. Ninaowauliza ni waliokuwa na funguo za ile stoo, chama cha wavuvi nisichokitaja jina, wengi wao washatangulia mbele ya haki na walio hai wanajijua. Lile daftari halikuwa la mwenyekiti wala la katibu. Lilikuwa la akina baba.

Sasa Mhariri nikwambie kwa nini imeniuma hivi, manake mtu aweza kusema karatasi za samaki wa 1979 ni za nini. Miaka ya nyuma nilipokuwa katibu wa kikundi cha wavuvi huku nilipelekwa Nairobi kwa kozi fupi ya mambo ya ushirika, na katika yote tuliyofunzwa, hesabu na sheria na nini, kilichonikaa ni kitu ambacho mwalimu alikisema kwa kupita tu. Alisema kule Manchester, Uingereza, wanaushirika wameweka hifadhi ya barua za watu walioyaanzisha mambo haya, na kwamba za Robert Owen peke yake, alizoandika na alizoandikiwa, ni karibu 3,000. Mtu amekufa 1858. Barua karibu 3,000. Sisi daftari la 1979 limefungia bajia.

Tangu siku hiyo nikawa nasoma habari za wale watu kila ninapozipata. Huyo Owen alikuwa tajiri wa kiwanda cha pamba pale New Lanark, Scotland, alikishika mwaka 1800, na matajiri wenzake wakati huo walikuwa wakiwatia kazini watoto wa miaka sita, saba. Yeye akasema chini ya miaka 10 mtoto asiingie kiwandani, aende shule, na 1816 akafungua jumba la kusomea hapo hapo kiwandani, mchana watoto, usiku wakubwa. Akaweka na duka, bidhaa nzuri zanunuliwa kwa jumla na wafanyakazi wauziwa kwa bei ya chini, na kile kinachobaki kama faida chaenda kwa shule. Alafu akaenda Marekani, na 1825 akanunua kijiji kizima, New Harmony, huko Indiana, akitaka watu waishi kwa shirika, mali moja, kazi moja. Haikufika miaka mitatu ikavunjika, na mali yake nyingi ikaondokea hapo. Ninachowapendea wale watu ni kwamba hata mtu huyu aliyeanguka anguko kubwa namna hiyo barua zake hazikutupwa. Nahodha akipanda mwamba, mwenye akili anaukumbuka ule mwamba uko wapi, hasemi tusiutaje kwa vile ni aibu.

Lakini watu ninaowaweka karibu na moyo wangu si Owen, ni wale wa Rochdale, mji wa huko huko Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika. Hawa hawakuwa matajiri. Walikuwa 28, wengine wao wafumaji wa flaneli, kazi mbovu, mshahara mdogo, na duka wanalokopa ndilo linalowashika shingo. Wakaanza kuchanga peni 2 kwa wiki, baadaye peni 3, mpaka wakapata pauni 28, pauni moja kila mtu. Wakakodi chumba cha chini kwenye jumba la ghala, mtaa unaitwa Toad Lane, na usiku wa tarehe 21 Desemba 1844, katikati ya baridi, wakafungua duka lao. Mle ndani kulikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Basi. Watoto wa mtaani walisimama nje wakawazomea. Mwanzo walikuwa wakifungua jioni mbili tu kwa wiki, Jumatatu na Jumamosi, manake mchana wenyewe wako kazini.

Masharti yao yalikuwa hivi, na mtu wa pwani atayaelewa haraka kuliko profesa. Unga usio na uchafu, manake maduka ya siku zile walichanganya shabu kwenye unga, na majani ya chai yaliyokwisha kunywewa yalikaushwa yakauzwa tena kama mapya. Mizani ya kweli. Hakuna kukopa, pesa mkononi. Mtu mmoja kura moja, uwe na hisa moja au hamsini. Na faida ikipatikana haigawanywi kwa mwenye hisa nyingi, inagawanywa kwa kadri ulivyonunua dukani, yaani aliyenunua unga mwingi kwa sababu ana watoto wengi ndiye anayerudishiwa zaidi. Na hesabu zisomwe mbele ya wanachama mara kwa mara. Hili la mwisho nitalirudia baadaye, manake hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea.

Nikisoma habari za lile duka la kukopesha la Rochdale naona tajiri wa hapa waziwazi. Kule Uingereza mpaka walilazimika kuweka sheria 1831 ya kumkataza mwenye kiwanda kumlipa mtu mshahara kwa bidhaa, ati ulipwe unga badala ya pesa, na bei ya unga apange yeye. Huku kwetu nyavu ni za tajiri, mashine ni ya tajiri, petroli ni ya tajiri, na samaki ni wa tajiri kabla hajavuliwa. Kusi likivuma miezi ile bahari haiendeki, watu wanakula kwa deni, na kaskazi ikiingia bahari ikatulia mtu anaanza kulipa deni la kusi, akikaribia kulimaliza kusi hilo limerudi. Nimeona mzee wa miaka sabini anarudi na kamba mawe wazuri kabisa wanaokwenda kuliwa mahotelini, anapewa bei ambayo wewe ukisikia hutaamini, na haulizi, manake akiuliza kesho hapewi petroli. Sisemi matajiri wote ni wabaya, kuna waliowazika watu na kuwaozea watoto, nawajua. Nasema mzani uko upande mmoja.

Na kuna suala la riba, ambalo nikilitaja huku barazani watu hunyamaza. Waislamu wengi hapa hawaingii kwenye hizi sacco, vyama vya kuweka akiba na kukopeshana, kwa kuogopa riba, na mimi siwalaumu, mimi si shekhe, hukumu nawaachia wanavyuoni wetu. Lakini lile jambo la Rochdale la kumrudishia mtu kilichozidi kwa alichonunua mwenyewe, mimi nikilitazama naona ni kama muuza duka anayekwambia nilikutoza zaidi, shika chenji yako. Hili wanavyuoni wakae walitazame. Watu wangapi hapa wamebaki nje ya ushirika kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba kuna zaidi ya namna moja ya kuufanya?

Nirudi kwenye barua. Katika wale 28 alikuwako mmoja anaitwa William Cooper, huyu ndiye aliyekuwa akishika kalamu. Duka liliposhika watu wa miji mingine wakaanza kuandika kuuliza, mlifanyaje, mlianza na kiasi gani, masharti yenu tunaweza kuyanakili, na Cooper anawajibu, anawaeleza, anaandika tena. Mtu wa kawaida, hana sekretari wala mashine ya kuchapa. Alafu George Jacob Holyoake naye akaja akaiandika historia yao mwishoni mwa miaka ya 1850, ikasomwa mpaka nje ya Uingereza, na vyama vikaota kila mahali kwa kufuata ile. Holyoake katika mambo ya dini mimi siko naye hata hatua moja, yeye dini aliikataa, na 1842 alifungwa miezi sita kwa maneno aliyoyatamka hadharani, na akiwa mle ndani binti yake mdogo akafariki. Mimi nina mabinti. Hiyo habari nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Aliishi mpaka 1906, na maisha yake yote ni kuandika na kuandikiwa, na wanaushirika walimjengea jumba la kumbukumbu huko huko Manchester, lina jina lake.

Na wa upande wa pili kabisa ni Mjerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, huyu alikuwa mtu wa dini sana, Mkristo wa kweli kweli. Alikuwa kama chifu wa vijiji vya masikini huko milimani Westerwald. Baridi ya 1846 kuingia 1847 kukawa na njaa, akaunda chama cha mkate, wenye nacho wakatoa pesa, unga ukanunuliwa, mkate ukaokwa ukauzwa nafuu, asiye na pesa akalipa baada ya mavuno. Kule shida yao ilikuwa mkopeshaji wa ng'ombe, anakupa ng'ombe kwa deni, mwisho ng'ombe anaondoka, na shamba linamfuata. Basi 1864 pale Heddesdorf akaanzisha chama cha kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, wanakijiji wanaojuana, kila mmoja dhamana wa mwenzake. Macho yake yaliharibika akawa haoni vizuri, na aliyekuwa akimsomea na kumwandikia ni binti yake, Amalie. Binti yangu anayechapa hapa amecheka niliposema hivyo lakini mimi nasema kwa dhati, bila yule msichana sijui kama dunia ingemjua babake.

Raiffeisen alifariki Machi 1888. Novemba ya mwaka huo huo Wajerumani walifungua posta hapa Lamu, ile nyumba iko hapa hapa Usita wa Mui, leo ni makumbusho, napita mbele yake kila ninapokwenda sokoni. Posta yenyewe haikudumu, 1891 ikafungwa. Watalii huingia kutazama picha na stempu. Mimi nikipita pale huwa nawaza hivi, nyumba ambayo barua za wageni zimekaa miaka miwili na kitu tu tumeitunza mpaka leo, na kuitunza ni vizuri, sina ubaya nayo, lakini zile za wavuvi wetu wenyewe zilizokaa stoo miaka arubaini zimekwenda juu ya punda.

Sasa la kwangu mimi, manake siwezi kuwasema wengine nikajificha. Nilipokuwa katibu tulikuwa na mtambo wa barafu, na kila mvuvi anayeleta samaki anakatwa kidogo kwa ajili ya barafu. Mtambo ukaharibika, ukakaa, ukatengenezwa, ukaharibika tena, lakini makato yakaendelea. Mzee mmoja akaleta barua, imeandikwa na mjukuu wake kwa karatasi ya daftari la shule, naikumbuka neno kwa neno: "Katibu, nakatwa pesa za barafu na barafu haipo. Nataka kujua zinakwenda wapi." Hakuna tusi, hakuna kelele. Nikaipeleka kwa mwenyekiti. Akaisoma akaniambia, katibu, haya ya kuandikiana yataleta fitina, weka faili. Nikaweka faili. Ikaja ya pili kutoka kwa mtu mwengine, nikaweka faili. Ikaja ya tatu. Alafu barua zikakoma, nami nikafurahi, nikadhani mambo yametulia. Kumbe watu washaondoka. Usiku usiku samaki wanakwenda kwa tajiri, sisi asubuhi tunakaa na mizani tupu. Mwaka haukuisha kikundi kikafa. Pesa za barafu zilikwenda kwa fundi na kwa spea, risiti nyingine nilikuwa nazo mkononi mimi mwenyewe, hazikuibwa zote kama watu walivyosema, ningemjibu yule mzee kwa karatasi moja tu ingetosha. Sikumjibu. Amefariki sasa, Mungu amrehemu, na kila nikipita kaburini nasimama.

Ndiyo nikasema lile sharti la Rochdale la kusoma hesabu mbele ya watu nitalirudia. Mwaka 1849 benki ya akiba ya pale mjini kwao ilianguka, aliyekuwa akiisimamia kumbe alikuwa anakula pesa za watu miaka na miaka, masikini wakapoteza akiba zao. Unajua walikimbilia wapi? Kwa wale wafumaji. Wanachama walikuwa 140 mwaka 1848, mwisho wa 1849 wakawa 390. Hawakuwa na jengo kubwa wala mlango wa chuma. Walikuwa na daftari linalofunguliwa. Mtu aliyeibiwa mahali palipofungwa anatafuta mahali palipo wazi, hilo halihitaji kozi ya Nairobi.

Kwetu ushirika ulikuja kwa njia nyengine. Chama cha kwanza Kenya ni cha walowezi, kule Lumbwa, 1908, na sheria ya kwanza ni 1931, na muda mrefu mambo yalikuwa ni ya mazao ya wazungu, Mwafrika alifunguliwa mlango baadaye sana. Kwa hivyo wengi wetu tunaujua ushirika kama kitu cha serikali, kinachokuja na afisa, na fomu, na siku ya ushirika mwezi wa saba yenye fulana na hotuba. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka wa ushirika wa dunia nzima, mara ya pili baada ya 2012. Hotuba nimezisikia. Nilikuwa nikingoja mtu mmoja aulize, je, daftari ziko wapi? Sheria yetu ya 1997 inataka chama kiweke ofisini nakala ya sheria, na masharti yake, na orodha ya wanachama, mtu aje atazame bila kulipa chochote. Nenda leo ofisi ya chama chako uombe kutazama, uone utakavyotazamwa wewe.

Na siku hizi ndiyo zaidi, mihutasari iko kwa wasap, ahadi ziko kwa voisi, hesabu ni picha iliyopigwa kwa simu ya mtu. Juzi juzi katibu wa kikundi fulani simu ilimponyoka gatini Mokowe akishuka boti, ikatumbukia, na chama chote kikatumbukia nayo, majina, michango, nani anadai nani. Sasa wanakisia. Kijana wa watu hana kosa la wizi, lakini nani atamwamini?

Wanaojua kuweka kumbukumbu kwetu ni wanawake, na hili nalisema bila kumpaka mtu mafuta. Mke wangu yumo kwenye mchezo wa kuchangiana pesa wa wanawake 20, kila wiki mmoja anapokea, huu mwaka wa kumi na tano sasa. Daftari lao ni la shilingi chache tu, limekunjwa ndani ya leso, limechakaa, lakini ukimuuliza ni nani alichelewa kulipa Shaabani ya mwaka juzi anakufungulia ukurasa. Na kila wanapokutana linasomwa kwa sauti, hata kwa wale wasiojua kusoma. Wanaume tunayaita mambo ya wanawake. Sisi wenye mihuri na akaunti za benki ndio tuliokufa.

Hapa ndipo ninapokuja kwako wewe Mhariri, manake kuna kisa kimoja kinalihusu gazeti. Mwaka 1883 gazeti la wanaushirika wa Uingereza lilimpa nafasi mama mmoja, Alice Acland, aandike kona ya wanawake. Akaandika kitu chepesi tu, kwamba mwanamume katika ushirika anaambiwa njoo, piga kura, saidia, na mwanamke anaambiwa njoo ununue, basi. Barua zikaanza kuja kutoka kwa wanawake, huyu wa mji huu, yule wa mji ule, mmoja wao Mary Lawrenson wa Woolwich akasema tuunde chama chetu, na mwaka huo huo kikaundwa. Baadaye chini ya Margaret Llewelyn Davies kikawa na nguvu sana, walipigania malipo ya uzazi, na 1913 wakafaulu ile pesa iwe ya mama mwenyewe, asipewe mume. Mwaka 1915 wakachapisha barua 160 za wanawake wa kazi, wameeleza wenyewe mimba zao na uzazi wao na njaa yao, mambo ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kuwauliza. Yote hayo mwanzo wake ni kona moja gazetini na mtu aliyefungua bahasha akazisoma.

Kwa hivyo ninaomba gazeti lako litoe nafasi, hata nusu ukurasa kwa mwezi, wanachama wa vyama vya ushirika waandike, mvuvi wa Kizingitini, mkulima wa Mpeketoni, mama wa mchezo wa Malindi, dereva wa sacco ya matatu Kilifi, na viongozi wao watakiwe kujibu hapo hapo, kwa jina na cheo. Barua isiyojibiwa ichapishwe tena mwezi unaofuata. Na wale wenye makumbusho yetu hapa Ngomeni, na kaunti, na vyuo, watoe chumba kimoja kikavu chenye kabati, vyama vilivyokufa na vilivyo hai vipeleke daftari zao na barua zao huko, manake hii hewa ya bahari na mchwa hazingoji bajeti. Watoto waliomaliza shule wa kuziandika upya kwenye kompyuta wako, tena wengi, wanakaa nyumbani na vyeti vyao. Na wewe msomaji ikiwa una stoo, au babako alikuwa katibu mahali, tafadhali kabla hujamwita kijana wa punda fungua lile gunia utazame.

Zile karatasi 11 nilizikausha juani nikazipaka poda zinyonye mafuta, nyingine zimetoboka lakini majina mengi yanasomeka. Nimehesabu majina 43, ya Langoni, ya Mkomani, ya Shela, ya Matondoni na Kipungani, wengi wamepiga kidole gumba kama baba. Ziko kwangu kwenye mkebe wa biskuti. Anayetaka kutazama kama jina la mzee wake limo, aulize watu wa Langoni kwa yule aliyekuwa katibu wa wavuvi, watamleta. Baada ya laasiri niko barazani kila siku isipokuwa Ijumaa.

Wassalaam,
Katibu wa zamani,
Langoni, Lamu